Siku za Kutembea na Siku za Kusimama: Kuufuata Mto Nzoia hadi Kisiwa cha Mageta

Hotuba kwa wapenda safari za miguu waliokutana Kisumu

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosafiri usiku kutoka Nakuru na Eldoret, hamjambo. Mulembe. Oyawore.

Tumeombwa tuzungumzie safari ya miguu kando ya mto, na namna ya kuzuru mahali ambapo nchi yetu iliumia. Wengi huyaona haya kuwa mambo mawili: mto ni wa miguu, historia ni ya vitabu. Kwetu ni jambo moja lenye kanuni moja, na anayeivunja huipoteza safari nzima. Siku ya kutembea iwe ya kutembea, na siku ya kusimama iwe ya kusimama. Usipande kilima cha Chetambe, palipopiganwa vita vya 1895, saa kumi na moja jioni, umetoka kukata kilomita kumi na tano na shanta ingali mgongoni. Mtu aliyechoka hasikii. Atapiga picha mbili, atauliza maji yako wapi, atashuka. Kesho yake atasema aliona kilima chenye nyasi.

Njia tunayoipendekeza inaanzia Webuye, inafuata Nzoia hadi Port Victoria, na kumalizikia Mageta ndani ya Ziwa Victoria. Nzoia una urefu wa kilomita 257. Unatoka milima ya Cherangany, unapokea maji ya Mlima Elgon, na unapofika Webuye huanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole, yale ambayo wakoloni waliyaita Broderick. Kutoka hapo unatelemka zaidi ya mita mia tatu hadi ziwani, kwanza katikati ya mashamba ya miwa na mahindi, kisha ndani ya tambarare ya Budalang'i ambako mto hauna tena nguvu ya kubeba tope lake. Ukiufuata kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo, tenga siku kumi na tano: moja ya Chetambe, nne za kutembea hadi Mumias, moja ya kusimama Mumias, tano hadi Rwambwa, moja ya kufuata matuta ya Budalang'i, moja ya kuzunguka kwa gari hadi Usenge, na mbili za Mageta.

Mtu akiangalia ramani hucheka. Webuye hadi Mumias kwa mstari ulionyooka ni kilomita arobaini na kitu. Kwa nini siku nne? Kwa sababu mto haunyooki, na ukingo wake si barabara. Utakutana na shamba lililolimwa hadi majini, urudi juu. Utakutana na kijito kisicho na daraja, ukifuate kupanda mpaka upate kivuko. Miwa iliyokomaa hufunga njia kabisa, na ndani yake kuna nyoka, kwa hiyo hupenyi katikati. Unafuata vijia vya trekta. Kilomita kumi na tano za njia kwa siku ni mwendo wa heshima. Anayepanga ishirini na tano huanza kukimbizana na giza siku ya pili, na giza kando ya Nzoia ni saa ya kiboko.

Twende kwenye mzigo. Shanta ikiwa imejaa, pamoja na maji na chakula, isizidi moja ya tano ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 abebe kilo 13. Hesabu yake ni hivi: hema, mfuko wa kulalia, chandarua, nguo, sufuria na vifaa vyote visizidi kilo 8; maji lita 3 ni kilo 3; chakula cha siku tatu kwa gramu kama 650 kwa siku ni kilo 2. Msibebe chakula cha zaidi ya siku tatu. Huku si jangwani. Soko halikosekani, na viazi vitamu, njugu karanga, simsim na omena iliyokaushwa ni chakula cha msafiri kuliko pakiti yoyote ya dukani. Vitu vizito vikae karibu na uti wa mgongo, usawa wa mabega, si chini kabisa wala upande wa nje, maana mzigo ulio mbali na mgongo hukuvuta nyuma na kukuchosha kiuno. Ndani ya shanta tandika kwanza mfuko mkubwa wa plastiki, kisha panga vitu humo na kuufunga. Kifuniko cha mvua cha nje hakitoshi, kwani shanta ikianguka mtoni maji huingilia mgongoni.

Maji ya kunywa ndiyo yanayowaangusha wengi, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Nzoia ni mwekundu kwa udongo wa mashamba ya juu. Ukitia dawa ya klorini kwenye maji machafu hivyo, udongo hula dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Kwanza yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Kwa chupa ya lita moja tafuta vile vidogo vilivyoandikwa kipimo hicho, usikisie kwa kukatakata. Subiri nusu saa. Kuchemsha ni bora zaidi: yakishatokota kwa nguvu dakika moja yanatosha kwa mwinuko huu. Lakini kuna kitu ambacho moto wala klorini haviondoi, nacho ni mbolea, dawa za mashamba na taka za viwanda. Kwa hiyo maji ya mto yawe ya dharura. Vijiji vingi vina chemchemi iliyojengewa au kisima cha pampu. Uliza, jaza hapo, tia dawa hata hivyo, na umsalimu uliyemkuta akiteka. Nusu ya yale mtakayojifunza katika safari hii mtaambiwa mkiwa kwenye foleni ya chemchemi.

Mto wenyewe, msiuvuke kwa miguu hata pale wenyeji wanapovuka. Wao wanajua shimo liko wapi tangu utotoni. Maji yaendayo kasi yakifika mapajani yanatosha kumwangusha mtu mzima, na mwenye shanta huanguka kichwa chini. Tumieni madaraja ya barabara, na pale pasipo njia nyingine, mtumbwi wa mwenyeji. Kabla ya kupanda mtumbwi, fungueni mkanda wa kiunoni na ule wa kifuani, kisha vueni shanta kabisa muiweke chini katikati. Mtumbwi ukipinduka, shanta iende peke yake.

Jambo la mafuriko lina hila yake. Mvua inayoinua maji Budalang'i hainyeshi Budalang'i. Hunyesha Cherangany na Elgon, na maji hufika chini baadaye, wakati juu yenu jua linawaka na watoto wanacheza mpira. Kila jioni chomekeni kijiti ukingoni pale maji yanapogusa, mkiangalie kabla ya kulala na mkiamka. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakileta povu, majani na vijiti, ondokeni ukingoni bila kusubiri. Kambi iwe mita mia moja au zaidi kutoka majini na mahali pa juu, mbali na vijia vilivyolainishwa na nyayo pana, kwani hivyo ni barabara za viboko kwenda malishoni. Kiboko hakuli mtu; humuua aliyesimama kati yake na maji. Mamba naye hujifunza desturi: usiteke maji mahali pale pale, saa ile ile, siku mbili mfululizo. Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei, msijaribu sehemu ya chini kabisa. Mei 2020 maji yalibomoa kingo na kuwatoa maelfu ya watu nyumbani mwao, na haikuwa mara ya kwanza.

Mliotoka Nakuru, mbu wa huku wasiwadanganye kwa udogo wao. Mmekulia mwinuko ambao malaria ni haba, kwa hiyo miili yenu haina kinga waliyo nayo watu wa ziwani. Muoneni daktari wiki mbili kabla. Akiwapa doksisaiklini, ni miligramu 100 kila siku kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika, na mwendelee wiki 4 baada ya kurudi. Wengi huacha wakifika nyumbani, ndipo huugua. Na kichocho: hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye magugu, kwa sababu ndiko konokono wake wanakoishi, na vijidudu vyake hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache. Msiogee kando ya mafunjo hata mkiona watu wanaogea. Aliyeguswa na maji hayo ajifute kwa taulo papo hapo, kisha apimwe wiki sita hadi nane baadaye, si mapema, kwa kuwa mapema hakionekani.

Sasa tusimame.

Chetambe ni kilima kilicho juu ya Webuye. Palikuwa na boma lenye handaki na ukuta, na jina lake ni la mzee wa Kitachoni. Mwaka 1895 Wabukusu walipiga kambi ya mwisho humo. Chanzo kilikuwa bunduki: utawala mpya wa Waingereza uliokuwa Mumias ulitaka zile zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, askari Wasudani waliotumwa kuzichukua wakauawa, na jibu la C. W. Hobley, ofisa wa utawala huo, likawa jeshi la Wasudani, Waganda na Wawanga. Kwanza lilivunja boma la Lumboka, kisha likaja Chetambe na bunduki za rashasha. Handaki lililochimbwa kuzuia mikuki na wizi wa ng'ombe halikuwa na la kufanya mbele ya rashasha. Waliouawa walikuwa wengi; wanawake, watoto na mifugo wakachukuliwa.

Mkifika Webuye, msipande siku hiyo. Laleni mjini. Asubuhi mwende kwanza kwa naibu wa chifu, mkiwa na barua fupi inayosema mko wangapi, mmetoka wapi, mnataka kuona nini na mtaondoka lini. Yeye atawaelekeza kwa liguru, yaani mzee wa kijiji, na liguru kwa mzee anayejua. Msiiruke ngazi hata moja. Anayeruka huonekana mtafuta dhahabu au mnunuzi wa ardhi, na milango hufungwa kwa adabu kubwa, akaambiwa mzee amesafiri. Bebeni sukari kilo mbili na majani ya chai kwa boma mtakaloingia. Malipo ya mzee yasemwe mapema, mbele ya wote, na yatolewe wazi. Kukiwa na matanga kijijini, ahirisheni. Msiende kuuliza habari za wafu wa 1895 mbele ya watu wanaomlilia wa jana.

Juu ya kilima, mwombeni mzee awaonyeshe mstari wa handaki, muuzunguke wote polepole. Simameni ndani, mtazame chini uwanda ambako jeshi lilitokea. Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini waliliamini boma hili, na kwa nini waliingia na familia zao. Kitabu hakiwezi kukupa hilo. Msiokote kigae, wala mfupa, wala risasi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakataza, na hata isingekataza, kitu hicho kina mwenyewe. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi sauti. Na mkisikia Mtachoni na Mbukusu wakisimulia tofauti, lipi la nani na nani alijenga nini, msiwe waamuzi. Andikeni yote mawili, pamoja na jina la ukoo wa aliyesema.

Muulizeni pia habari za Septemba 1947. Mwezi huo Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa iliyopinga ukoloni, aliwakusanya maelfu ya watu hapo hapo Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Miaka hamsini na miwili ilikuwa imepita na serikali bado iliogopa ukumbusho. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, watu 11 wakafa. Baada ya hapo Masinde alikamatwa na kupelekwa mbali, hadi Lamu. Anayepanda Chetambe asiyajue haya ameona nusu tu ya kilima.

Mumias ni siku ya kusimama ya namna nyingine, nayo ni ngumu kuliko Chetambe kwa sababu hakuna handaki la kuonyesha. Hapa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliupokea utawala mpya, na watu wake walitembea na Hobley. Wasafiri wengi hupita haraka kwa aibu, au hufika na hukumu tayari mdomoni. Nendeni Matungu, kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo, mketi, mwulize Wawanga wanavyoieleza 1895, na dola yao ilivyokuwa kabla ya hapo. Mkishasikia pande zote mbili za mto, ndipo mchukue shanta.

Sehemu ya Mumias hadi Rwambwa sitaipitia hatua kwa hatua. Ni miwa, vijito na mabonde, na kanuni ni zile zile. Budalang'i ndiko mambo hubadilika. Udongo ni mweusi. Ukilowa hushika kiatu kama saruji. Viatu vya ngozi hulemaa siku moja, kwa hiyo gambuti za mkulima ndizo dawa. Mtatembea juu ya matuta ya kuzuia mafuriko. Tembeeni katikati ya tuta, si pembeni, msichimbe shimo la hema wala la moto juu yake, na msilale upande wa mto. Tundu dogo la mnyama au la jembe ndilo maji huanzia, na likishaanza, tuta huliwa kutoka ndani huku juu likionekana zima.

Kati ya Port Victoria na Usenge kuna bwawa la Yala. Msijaribu kulikata kwa miguu. Mafunjo huelea, upepo huyasogeza, na njia iliyokuwa wazi asubuhi huwa imefungwa jioni. Zungukeni kwa gari.

Mageta na jirani yake Saiyusi vilikuwa visiwa vya kizuizi wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau. Baada ya msako wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, kambi za bara zilijaa, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walisambazwa nchi nzima, wengi bila kushtakiwa mahakamani. Waliofikishwa Mageta walikuwa watu wa mlimani waliowekwa katikati ya maji, penye joto na malaria, kati ya watu wasiojua lugha yao. Hapakuhitajika ukuta mrefu. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa mateso ya enzi hiyo. Wenzao wengi walikuwa wameshazikwa.

Vukeni asubuhi na mapema. Mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi hupanda, na alasiri ni wakati wa dhoruba. Nendeni kwa kamati ya ufuo wa Usenge, ile inayoitwa BMU, wawapangie boti, msichukue kijana yeyote mliyemkuta na injini. Hesabuni majaketi ya kuokolea kabla ya mguu wa kwanza kuingia botini: vichwa kumi, majaketi kumi, yaliyovaliwa na kufungwa, si yaliyokaliwa. Shanta zikae katikati, zisifungwe mwilini mwa mtu. Gugu maji likisukumwa na upepo laweza kuziba ufuo usiku mmoja, mshindwe kutoka, ndiyo maana tumesema siku mbili. Na beba chakula cha siku ya tatu.

Mageta si Kapenguria. Kule mtakuta makumbusho, vyumba walimofungiwa wale sita, Jomo Kenyatta na wenzake, maelezo ukutani. Mageta msitarajie mtu wa tikiti langoni. Ni kisiwa cha wavuvi, watu wanaanika omena na watoto wanakwenda shule. Mwenye habari ni mzee ambaye alikuwa mtoto wakati huo, au aliyesimuliwa na baba yake aliyewauzia samaki walinzi. Ngazi ni zile zile: naibu wa chifu, mzee wa kijiji, kisha mwenye kujua. Msipige picha za nyumba za watu mkiziita gereza.

Na hapa nina neno kwa watu wa Nakuru hasa. Miongoni mwenu wapo wajukuu wa waliofurushwa kutoka mashamba ya walowezi na kupelekwa kambini. Kabla ya kununua hata kiatu, nendeni nyumbani mkaulize: babu alikuwa kambi gani, alichukuliwa mwaka gani, aliitwa jina gani wakati huo, kwa sababu wengi walibadilisha. Bibi akikataa kusema, msimlazimishe; rudini siku nyingine na sukari. Nyaraka za Taifa kule Nairobi zina majalada ya kambi, lakini bila jina na mwaka mtafukua karatasi siku nzima. Andikeni mliyoyapata kwenye daftari, nakala mbili, kwa herufi kubwa na kalamu isiyoyeyuka kwa maji. Moja mbaki nayo. Nyingine mfunge kwenye plastiki, ivuke ziwa pamoja nanyi, mkamwachie mzee wa Mageta, maana wakija wengine kutafuta jina hilo hilo, yeye ndiye watakayemuuliza.